Besiboli: Kima cha juu cha mishahara kitainusuru Pittsburgh, au kitawanenepesha wamiliki?

Mzigua wa Allegheny (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Najua humu ndani wengi ni watu wa kandanda, lakini tupo tunaokesha na besiboli, na mwaka huu kuna jambo zito. Mkataba wa kazi kati ya wamiliki wa timu 30 za MLB (ligi kuu ya besiboli ya Marekani na Kanada) na chama cha wachezaji unakwisha tarehe 1 Desemba 2026. Wamiliki wengi wanataka kima cha juu cha mishahara, yaani kila timu ipangiwe kiasi ambacho haitaruhusiwa kukivuka inapolipa wachezaji wake wote kwa jumla. Chama cha wachezaji kimelikataa jambo hili kwa zaidi ya miaka thelathini na hakijalegea.

Mimi naishi Pittsburgh, huu mwaka wa kumi na sita. Timu yangu ni Pirates. Msimu wa 2025 nilimpeleka mwanangu, ana miaka kumi na moja, kumwona Paul Skenes akirusha. Kwa wasiomjua, Skenes alimaliza msimu ule akiruhusu wastani wa mikimbio (yaani pointi) 1.97 tu kwa kila awamu tisa, ambazo ni mechi moja kamili, akachukua tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora wa ligi yake. Lakini kwenye hesabu ya kushinda na kushindwa aliandikiwa 10 kwa 10. Mrushaji bora, na nusu ya mechi zilizohesabiwa kwake kapoteza, kwa sababu nyuma yake wapigaji hakuna. Pirates ilishinda 71 ikapoteza 91.

Tunarudi kwa miguu kupitia daraja la Clemente, nyota wa zamani wa Pirates, mtoto akaniuliza: "Baba, Skenes atakwenda timu gani?" Hakuuliza kama ataondoka. Hilo alikwishalijua. Miaka kumi na moja, na tayari anajua kwamba mchezaji anayempenda ni wa kupita tu.

Na hajakosea. Gerrit Cole alichaguliwa na Pirates wa kwanza kabisa mwaka 2011. Mwanzoni mwa 2018 akapelekwa Houston, na mwisho wa 2019 Yankees wakampa dola milioni 324 kwa miaka 9. Timu yangu haikuwahi kumpa mchezaji yeyote mkataba wa kufika dola milioni 100 mpaka Bryan Reynolds mwaka 2023.

Sasa geukeni muitazame Los Angeles. Dodgers wamechukua ubingwa 2024 na 2025. Wana Shohei Ohtani kwa dola milioni 700. Wana Yoshinobu Yamamoto kwa milioni 325. Januari 2026 wakamwongeza Kyle Tucker, milioni 240 kwa miaka minne. Ile kodi ya anasa wanayotozwa kwa kuvuka kiwango fulani cha mishahara, kwa msimu wa 2025 ilikaribia dola milioni 170. Kodi peke yake inazidi mishahara ya kikosi kizima cha Pirates.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hapa hapa mjini ninao mfano. Steelers wa futiboli ya Kimarekani wanacheza chini ya kima cha juu tangu 1994, na wamebeba Super Bowl 2006 na 2009. Penguins wa magongo ya barafuni walifilisika 1998. Ligi yao ikaweka kima cha juu mwaka 2005, na Penguins wakabeba kombe 2009, 2016 na 2017. Pirates? Mara ya mwisho ni 1979. Tena kati ya 1993 na 2012 walimaliza misimu 20 mfululizo wakiwa wamefungwa mechi nyingi kuliko walizoshinda. Mji uleule, mito ileile mitatu, mashabiki walewale. Tofauti ni kanuni.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kima cha juu kiwekwe, hata kama itabidi mechi zisimame. Karibuni tujadili.

---

Mwana wa Kilindini

Ndugu yangu Mzigua, nimekusoma na uchungu wako nimeuona. Mimi niko Baltimore, bandarini, kama nilivyokuwa Mombasa, na timu yangu ni Orioles. Sisi wenyewe si matajiri. Lakini hapo kwenye "hata kama mechi zisimame", yakhe, naomba tukae chini kidogo.

Mimi ni mtu wa chama cha wafanyakazi tangu ujana, na baba yangu kabla yangu. Tajiri anapokuja kukwambia kwamba ili kazi iende vizuri inabidi ujira wako uwekewe kikomo, swali la kwanza ni hili: faida yake yeye imewekewa kikomo gani?

Tuanze mbali kidogo, maana bila historia hutaelewa kwa nini wachezaji wakali namna hii. Zamani mchezaji wa besiboli alikuwa mali ya timu. Mkataba ukiisha, timu ina haki ya kuuendeleza yenyewe, mwaka baada ya mwaka, mpaka imchoke. Mwaka 1969 Curt Flood wa St. Louis akaambiwa amehamishiwa Philadelphia, akakataa. Akaenda mahakamani mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, akashindwa 1972 kwa kura 5 dhidi ya 3. Kazi yake ya uchezaji ilikuwa imekwisha. Uhuru ulikuja Desemba 1975, msuluhishi Peter Seitz alipoamua kwamba Andy Messersmith na Dave McNally, waliomaliza mwaka bila kusaini, wako huru.

Wamiliki wakafanya nini? Miaka ya 1985 hadi 1987 wakakubaliana chini kwa chini wasigombanie wachezaji wa wenzao. Wakakamatwa, wakalipa fidia ya dola milioni 280. Mwaka 1994 wakaja na kima cha juu, wachezaji wakagoma tarehe 12 Agosti, World Series, yaani fainali ya ubingwa, ikafutwa kwa mara ya kwanza tangu 1904. Mgomo haukuisha mpaka Aprili 1995, baada ya hakimu Sonia Sotomayor kuwazuia wamiliki kulazimisha kanuni zao.

Sasa wewe umeitaja Pittsburgh ndogo, na mimi nikutajie Montreal. Msimu ule mgomo unaanza, timu bora katika besiboli nzima ilikuwa Montreal Expos: imeshinda 74 imepoteza 40. Timu ya mishahara midogo! Pedro Martínez alikuwemo, Larry Walker alikuwemo, wote leo wamo kwenye Ukumbi wa Heshima. Ugomvi wa kima cha juu, ugomvi ambao eti ulikuwa kwa faida ya timu ndogo, ndio uliowavunja. Mchezo uliporudi wachezaji wakatawanywa, mashabiki wakakata tamaa, na mwaka 2005 timu ikahamishiwa Washington. Montreal mpaka leo haina timu ya ligi kuu ya besiboli.

Ukisema "hata kama mechi zisimame", wakumbuke wale.

---

Nyamisati

Wakuu samahani, mimi besiboli naisikia tu, lakini mada imenishika. Kwani hii si kama ya kwetu? Ligi Kuu Bara tangu Azam achukue 2014, kombe limekuwa la Yanga na Simba tu. Yanga mitatu, Simba minne, Yanga tena minne mpaka 2025. Mwenye fedha ndiye mwenye kombe. Huko Marekani ni hivyo hivyo?

---

Tabata Los Angeles

Nyamisati, hapana, si hivyo hivyo kabisa, na hapo ndipo Mzigua anapowapa watu picha isiyo kamili.

Hesabu na mimi. Kuanzia 2001 hadi 2025 ni misimu 25 ya besiboli. Zimebeba World Series timu 16 tofauti. Arizona, Angels, Marlins, Red Sox, White Sox, Cardinals, Phillies, Yankees, Giants, Royals, Cubs, Astros, Nationals, Dodgers, Braves, Rangers. Kansas City, mji mdogo, walibeba 2015. Tangu Yankees wa 1998 hadi 2000, hakuna aliyetetea ubingwa mpaka Dodgers mwaka jana. Futiboli ya Kimarekani yenye kima cha juu, kutoka msimu wa 2001 hadi 2024 imetoa mabingwa 13. Kikapu chenye kima cha juu, kutoka 2001 hadi 2025, 12. Kwenye futiboli, Patriots peke yao wamebeba mara sita humo ndani. Hicho kima cha juu kiliwazuia?

Na fedha hazipigi mpira. Mets wa 2023 walikuwa na mishahara mikubwa kuliko timu yoyote iliyowahi kuwepo mpaka siku ile. Wakamaliza 75 kwa 87, hata mtoano hawakuingia. Fainali ya mwaka ule akaingia Arizona aliyeshinda mechi 84 tu.

Mimi nilikesha mechi ya saba ya fainali ya 2025 kule Toronto. Awamu ya tisa, Dodgers wako nyuma kwa mkimbio mmoja, wamebakiza watu wawili watolewe. Anayeupeleka mpira nje ya uzio ni nani? Si Ohtani. Ni Miguel Rojas, miaka 36, mshahara wake wa mwaka ule milioni 5. Awamu ya kumi na moja akamaliza Will Smith, kijana tuliyemlea wenyewe tangu 2016. Hizo si fedha tu, ni kazi ya miaka ya kutafuta na kulea vijana. Timu zingine zinazo ofisi, zinazo kompyuta, zinazo maskauti. Wafanye kazi.

---

Mama Zainab, Seattle

Kaka wa Tabata, nakuheshimu, lakini hayo ni maneno ya mtu aliyeshiba.

Mimi ni Mariners. Timu pekee kati ya 30 ambayo haijawahi hata kuingia World Series. Mwaka 2001 tulishinda mechi 116, tukatolewa. Tarehe 20 Oktoba 2025 tulikuwa Toronto, mechi ya saba ya nusu fainali, tunaongoza 3 kwa 1, awamu ya saba. George Springer wa Toronto akaupiga nje ya uzio na watu wawili wakiwa vituoni. Nne kwa tatu. Nyumba nzima tulinyamaza, hata chai hakuna aliyeinywa.

Hiyo ilikuwa bahati ya mchezo, simlaumu tajiri yeyote. Ila nataka kukosoa hesabu yako. Kuhesabu mabingwa si kuhesabu usawa. Mtoano wa besiboli ni mechi chache, na katika mechi chache yeyote anaweza kumfunga yeyote. Brewers wa Milwaukee walimaliza msimu wa 2025 wakiwa na rekodi bora kuliko wote, ushindi 97, kwa mishahara ya kawaida kabisa. Wakakutana na Dodgers, wakafungwa nne bila. Mechi ya nne Ohtani aliupeleka mpira nje mara tatu, na katika mechi hiyohiyo akarusha na kuwatoa wapigaji kumi kwa kuwakosesha. Wewe ungekuwa Milwaukee ungejisikiaje?

Usawa upimwe mahali pengine. Upimwe pale alipopauliza mtoto wa Mzigua. Je, shabiki wa mji mdogo anaweza kumpenda mchezaji akiwa na matumaini ya kumwona akizeeka na jezi ileile? Anayeingia msimu Aprili anaamini au anahesabu siku? Mechi ni 162. Ukijua mwezi wa Mei kwamba umekwisha, hizo mia na kitu zilizobaki unaziangalia kwa ajili ya nini?

---

Mzigua wa Allegheny

Mama Zainab, umenisemea vizuri kuliko nilivyojisemea.

Mwana wa Kilindini, habari ya Montreal imenigusa, nakiri. Nilijua Expos walihama lakini sikuwahi kuiunganisha na kima cha juu. Ila bado sijaona jibu la swali langu: Skenes atabakije?

---

Jinja Road

Habari zenu wote, mimi niko Kampala. Labda hamjui lakini huku besiboli ina watu wake. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikwenda Williamsport, Marekani, kwenye mashindano ya dunia ya watoto, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza kule. Mwaka mmoja kabla walikuwa wamefuzu wengine, wakanyimwa viza. Leo tuna vijana waliosainiwa na timu za ligi kuu kwa ajili ya kulelewa: Umar Male na Ben Serunkuma walichukuliwa na Dodgers 2022, na David Matoma, mrushaji, akachukuliwa na hao hao Pirates wa Mzigua mwaka 2023. Kwa hiyo ugomvi wenu wa huko unatuhusu.

Nataka kuwaambia jambo ambalo naona limesahaulika. Kima cha juu tayari kipo. Kipo kwa wanyonge. Tangu 2017 kila timu ina fungu maalum la kusajili vijana wa nje ya Marekani, na fungu lile halivukwi hata kwa kulipa kodi. Kijana wa Jamhuri ya Dominika, wa Venezuela, wa Uganda, analipwa kutoka humo. Mkongwe wa Yankees hana kikomo, kijana wa Mpigi anacho. Mliwahi kusikia wamiliki wakisema hiyo si haki?

Na tazameni kilitokea nini. Ohtani alipokuja mwisho wa 2017 alikuwa na miaka 23, chini ya 25, kwa hiyo akabanwa na kanuni hiyo. Angels wakampata kwa dola milioni 2.3. Mtu ambaye miaka sita baadaye alisaini milioni 700! Je, faida ile ilikwenda kwa timu ndogo? Ilikwenda kwa Angels, ambao nao wako palepale eneo la Los Angeles.

Januari 2025 Roki Sasaki naye akaja, miaka 23, kanuni ileile. Kila timu ilikuwa na fungu la kukaribiana. Pirates angeweza kumpa karibu sawa na Dodgers. Kijana akachagua Dodgers, milioni 6.5. Fedha zikiwa sawa, mchezaji anakwenda panaposhindwa kwa nadra, penye Wajapani wenzake, penye jua. Hebu nijibuni hilo.

---

Tabata Los Angeles

Jinja Road umemaliza kila kitu.

---

Mama Zainab, Seattle

Hajamaliza, kaka. Sasaki mmoja, ndiyo, angekwenda Dodgers kwa bei yoyote. Lakini chini ya kima cha juu Dodgers wasingeweza kuwa na Sasaki na Ohtani na Yamamoto na Tucker na Mookie Betts kwa pamoja. Mmoja au wawili wangelazimika kutafuta jua pengine.

Lakini hoja ya vijana kubanwa peke yao sikuwa nimeifikiria. Nashukuru.

---

Mhasibu wa Minneapolis

Nimekuwa nikisoma tangu juzi. Kazi yangu ni hesabu za makampuni, kwa hiyo niwavumilishe kidogo, maana naona tunabishana kuhusu dari wakati nyumba haina sakafu.

Mzigua anasema Steelers na Penguins wananusuriwa na kima cha juu. Mimi nasema kima cha juu ni sehemu ndogo ya kinachowanusuru. Chukua Green Bay Packers wa futiboli ya Kimarekani. Mji wa watu laki moja hivi, timu inamilikiwa na wananchi, kwa hiyo hesabu zake zinatangazwa kila mwaka na mimi huzisoma kwa raha. Kwa mwaka wa hesabu ulioishia 2024 walipokea zaidi ya dola milioni 400 kutoka ligi kuu, fedha za televisheni na nyinginezo za pamoja, zinazogawanywa sawa kwa timu 32. Kima cha juu cha mishahara kwa msimu wa 2025 kilikuwa milioni 279. Umeona? Kabla Green Bay hawajauza tiketi hata moja, fedha za mgawo zimekwishalipa kikosi chote na chenji imebaki. Ndiyo maana kima cha juu kinafanya kazi kule, kila mtu anao uwezo wa kukifikia.

Tena kule kuna kima cha chini. Timu inalazimika kutumia karibu asilimia 90 ya kiwango hicho kwa kipindi cha miaka kadhaa. Magongo ya barafuni nako kipo. Penguins hawakuokolewa tu kwa sababu New York ilizuiwa. Waliokolewa kwa sababu kila timu ililazimishwa kutumia.

Besiboli ni kinyume. Fedha nyingi za televisheni ni za nyumbani. Dodgers mwaka 2013 walisaini mkataba wa miaka 25 wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 8. Sisi Twins tulikuwa na kampuni ya televisheni ya mikoani ambayo Machi 2023 iliomba ulinzi wa mufilisi. Mkataba ukapukutika, mishahara ikakatwa, na Julai 2025 timu ikagawa karibu wachezaji kumi ndani ya siku chache, Carlos Correa akiwemo. Niliziangalia zile siku kama mtu anayetazama mnada wa vyombo vya marehemu.

Upo mgawo wa mapato, ni kweli. Kila timu inatoa asilimia 48 ya mapato yake ya nyumbani kwenye kapu moja, halafu kapu linagawanywa sawa. Timu ndogo inatoka na fedha nyingi kuliko ilizotia. Tatizo ni kwamba hakuna kima cha chini. Mwaka 2018 chama cha wachezaji kiliwasilisha malalamiko rasmi dhidi ya timu nne, kikidai fedha za mgawo hazitumiki kuboresha timu. Nne hizo ni Marlins, Rays, Athletics, na Mzigua samahani, Pirates.

Sasa weka kima cha juu cha, tuseme, milioni 250, bila kima cha chini. Dodgers watabaki na fedha mkononi. Zitakwenda kwa nani? Haziendi Pittsburgh. Zinabaki kwa wenye Dodgers. Na Pirates, ambao msimu wa 2025 walitumia chini ya milioni 100, wataendelea kutumia hivyohivyo, kwa sababu kikomo cha 250 hakimgusi anayeishia 100.

Jambo hili si geni. Mwaka 2000 kamati aliyokuwemo Paul Volcker, yule aliyewahi kuongoza benki kuu ya Marekani, ilipendekeza mambo matatu pamoja: mgawo mkubwa wa mapato ya nyumbani, kodi ya asilimia 50 kwa wanaovuka milioni 84, na kima cha chini cha milioni 40. Kodi ilikuja. Mgawo uliongezwa. Kima cha chini hakikuja. Miaka ishirini na sita sasa.

---

Nyamisati

Mhasibu, asante, hapo hata mimi wa kandanda nimeelewa.

---

Mwana wa Kilindini

Wallahi Mhasibu umesema. Naongeza moja tu. Mchezaji anakaa miaka mitatu akilipwa kile kidogo timu inachotaka, mshahara wa chini wa mchezaji mmoja kwa mwaka 2026 ni dola 780,000, halafu mitatu mingine anaamuliwa na wasuluhishi, ndipo awe huru baada ya miaka sita. Najua ni fedha nyingi kwetu sisi. Lakini wengi hawafiki hiyo miaka sita, mkono unakatika, goti linakwisha. Skenes msimu wa 2025 mshahara wake wa msingi haukufika milioni moja. Wakati huo jezi zake zimeuzwa ngapi? Uwanja umejaa mara ngapi siku yake? Nani anamdai nani?

Ukitaka Skenes abaki, mwenye timu alipe sasa. Hakuna kanuni inayomzuia. Akitaka leo kumpa mkataba wa miaka kumi, kalamu anayo.

---

Mzigua wa Allegheny

Nimechukua siku mbili kabla ya kujibu, nimetaka kufikiri vizuri.

Mhasibu, pale ulipotaja zile timu nne niliacha kusoma, nikaenda nje. Ni kweli. Uwanjani kwetu watu wamekuwa wakiimba "uza timu" kwa miaka, na mimi nimeimba nao. Halafu nakuja hapa naandika uzi kuwalaumu Dodgers. Nimekuwa nikiwapigania wamiliki bila kujua, wakiwemo wale ninaowaimbia waondoke.

Hata hivyo sijawafuata wote moja kwa moja. Tabata, sikubali kwamba wengine "wafanye kazi" tu. Rays wamefanya kazi kuliko timu yoyote, wakafika World Series 2008 na 2020, wakashindwa zote mbili, na kila baada ya miaka michache lazima waanze upya kwa kuuza waliowalea. Athletics wa Oakland walishinda mechi 103 mwaka 2002 kwa mishahara ya karibu milioni 40, ambayo ni theluthi moja ya Yankees. Iko wapi Oakland leo? Timu imeondoka baada ya msimu wa 2024, inacheza Sacramento ikingoja uwanja wa Las Vegas. Akili peke yake haimweki mtu mjini.

Basi msimamo wangu nauandika upya. Kwanza, fedha za televisheni ziwekwe kapu moja zigawanywe sawa, za nyumbani pia, si 48 tu. Pili, kima cha chini, kikali, timu isiyokifikia inyang'anywe mgawo wake. Mimi ningeanzia milioni 150. Hivyo viwili vikishasainiwa, siku hiyohiyo, mezani palepale, kima cha juu nacho kisainiwe, na wachezaji wahakikishiwe nusu ya mapato yote. Kima cha juu kikija peke yake nitakuwa upande wa wachezaji, na sikutegemea kuandika sentensi hiyo nilipofungua uzi huu.

Na vijana wa Jinja Road waondolewe ile kamba. Haiwezekani tuanze kufunga kuanzia chini.

---

Tabata Los Angeles

Kapu moja kwa fedha zote? Mzigua, hapo umewapata Dodgers pabaya kuliko kima cha juu. Sikubaliani, mkataba wa televisheni ni jasho la timu na mashabiki wake. Lakini kima cha chini naunga mkono kwa mikono miwili. Nataka kumfunga mtu aliyejiandaa.

---

Mama Zainab, Seattle

Jasho la mashabiki, sawa. Ila Dodgers wakicheza peke yao uwanjani nani atanunua matangazo? Mechi ina timu mbili, kaka yangu. Kila usiku unaouza, nusu ya unachouza ni mgeni aliyekuja.

---

Jinja Road

Hilo la mama nimelinakili kwenye daftari.

---

Mwana wa Kilindini

Mzigua, umenifurahisha kwa kubadilika mbele za watu, si wengi humu wanaoweza. Mimi wamiliki wakiwafungia wachezaji milango Desemba nitasimama na chama, lakini kapu na sakafu nitavibeba hata kwenye bango.

Jambo la mwisho, kwa ajili ya mwanao. Lile daraja mnalopita, la Clemente. Desemba 1969 Curt Flood alikwenda San Juan, Puerto Rico, kuwaomba wawakilishi wa wachezaji wamsaidie na kesi yake. Mwakilishi wa Pirates katika chumba kile alikuwa Roberto Clemente mwenyewe. Wakakubali kumgharamia.

---

Mzigua wa Allegheny

Sikulijua hilo, kaka. Miaka yote hii napita juu ya daraja lake.

Ukija Pittsburgh nijulishe mapema. Tutakaa upande wa kulia, kwenye ule ukuta wa futi 21, wameujenga kwa namba ya jezi yake. Utamsimulia mtoto wewe mwenyewe, siku Skenes anarusha.